Mtoto Alipoacha Kusema "Balabala"

Siku ya kwanza niliyomsikia binti yangu akisema "barabara" sawasawa, nilimgombeza.

Alikuwa uani na mdogo wake, wanacheza magari kwa vifuniko vya chupa. Mdogo akasema lori lake linapita balabala ya kumi na tatu. Dada mtu akaweka mikono kiunoni: "Siyo balabala. Ni ba-ra-ba-ra. Sema rrr." Mdogo akajaribu, ulimi ukagoma, dada mtu akacheka mpaka akakaa chini. Mdogo akaangua kilio. Mimi niko barazani kwenye cherehani, napigana na zipu ya gauni la mtu, nikapaza sauti hukohuko: "We mtoto, unamcheka mwenzio nini? Kwani wewe ulizaliwa unajua kusema?"

Yakaisha. Usiku, nimeshafunika cherehani na watoto wamelala, ndipo maneno yangu mwenyewe yakanirudia. Kweli hakuzaliwa anajua kusema. Mpaka juzijuzi na yeye alikuwa mtu wa balabala. Tunakaa Ngamiani, Tanga, na huku kwetu mitaa mingi inaitwa kwa namba: barabara ya nane, barabara ya kumi, barabara ya kumi na tatu. Mtoto wa Ngamiani asiyeweza kutamka r hawezi hata kutaja kwao. Nilikuwa nimemkaririsha anwani ili akipotea sokoni ajue la kusema, na kila akiisema vijana wa bodaboda walikuwa wanamrudisha makusudi, "Balabala ya ngapi, dada?", ili wamsikie tena. Alikuwa na lafiki, alikuwa na lula, na mwezi wa kufunga ulikuwa Lamadhani.

Ile r ilikuja lini? Sijui. Nimeishi naye chumba kimoja, nikaja kuisikia siku aliyoitumia kumnyanyasa mdogo wake.

Tangu hapo nimekuwa nikikumbuka ya nyuma, na kinachonishangaza ni kwamba karibu kila dalili kubwa ya kukua kwa wanangu ilinikuta nagomba. Haikuja kama nilivyoizoea kwenye hatua ya kwanza, jino la kwanza na neno la kwanza, watu wakipiga makofi. Ilikuja imevaa nguo za utundu, na mimi nikaipokea kama utundu.

Nadhani kosa langu lilianzia kliniki. Ukiwa na mtoto mchanga unapewa kadi, na kwa miaka 5 kadi ile ndiyo inayokufikiria. Wiki ya 6, ya 10, ya 14, chanjo. Miezi 9, surua. Mwaka na nusu, surua tena. Kila ukienda mtoto anavishwa ile kaptula ya mizani, anatundikwa kama samaki wa mnadani, anapiga kelele mtaa wa pili wanasikia, halafu nesi anaweka nukta kwenye grafu na kukuambia, "Mama, yuko kwenye kijani." Unarudi nyumbani umetulia. Mtoto yuko kwenye kijani.

Grafu inaishia miaka 5. Inaishia tu, ukingo wa karatasi. Hakuna nesi anayekuaga wala kukuambia kuanzia hapa utatazama nini. Na mimi, jamani, ni fundi cherehani. Kupima watu ndiyo kazi yangu. Mteja akiingia kabla hajaketi nimeshakisia kiuno, na mara nyingi nakosea nusu inchi tu. Wa kwangu mwenyewe nikawa nampima kwa sketi. Ikipanda juu ya goti, amekua, haijapanda, bado.

Mama mkwe ndiye aliyetuletea kipimo kingine. Alikuja kutoka Muheza mwishoni mwa mwaka na kikapu cha machungwa, akamkuta mjukuu wake anaimba kwamba anaenda darasa la kwanza. "Nani kakwambia unaenda?" akamuuliza. "Hebu pitisha mkono juu ya kichwa ushike sikio la upande wa pili." Binti akapitisha. Vidole vikalikamata sikio bila taabu. Mdogo wake naye akataka. Mkono ukaishia utosini, akaanza kukipinda kichwa ili sikio limfuate mkono.

Bibi akatuambia kwamba yeye alirudishwa nyumbani kwa sababu ya sikio. Enzi zake watoto wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, mwaka waliozaliwa mama zao waliukumbuka kwa njaa au kwa mvua, kwa hiyo mwalimu alikuwa anawapanga mstari na kuwaamuru washike masikio. Mwaka wa kwanza mkono wake haukufika. Akarudi kuchunga mbuzi, akawa kila asubuhi anajinyoosha mkono kwa kuning'inia kwenye mwembe. Sikujua nicheke au nimhurumie. Kipimo chenyewe si cha kijinga kama kinavyoonekana: kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake wote, cha mtu mzima ni kama sehemu moja ya nane, kwa hiyo mwili na mikono vinapokimbia, kichwa kinabaki nyuma, na ipo siku mkono unakizunguka. Lakini mtoto mfupi au mwenye mikono mifupi alionewa sana. Siku hizi wanataka cheti, na sera mpya imeteremsha umri wa darasa la kwanza kutoka miaka 7 hadi 6. Bibi aliposikia 6 akaguna. "Wote hao masikio yamefika?"

Bibi huyohuyo ndiye aliyenisahihisha kuhusu bafu.

Nyumba yetu ni ya kupanga, vyumba sita, bafu moja uani, na mlango wa bafu ni bati lisilofunga vizuri. Kwa hiyo watoto nawaogesha kwenye beseni, hapo nje karibu na kamba ya kuanikia, wote wawili kwa maji mamoja. Jioni moja binti akagoma. Hataki beseni, hataki nje, anataka kuoga bafuni, na akachukua khanga yangu kuitundika kwenye lile pengo la mlango. Khanga ni ya sherehe. Nikawaka. "Una nini cha kuficha wewe, mtoto mdogo kama piriton?" Akasimama na khanga kifuani, macho yanaelea machozi, hajibu.

Mama mkwe alikuwa anapeta mchele. Hata kichwa hakuinua. "Mwache mke mwenzangu ajisitiri," alisema. "Au unataka mpaka umfundishe aibu ndipo aijue?"

Nikamwachia. Alikaa humo bafuni muda mrefu kuliko maji yalivyohitaji. Alitoka amebakiza sabuni nyuma ya masikio na shingo yote, nikajifanya sijaona.

La jino lilikuwa fupi zaidi, na la aibu kwangu zaidi. Wiki nzima alikuwa anasusa chakula. Mihogo hataki, muhindi wa kuchoma hataki, chapati anaila katikati tu, kingo anaweka pembeni. Nilisema anadeka, nikamwambia wapo wanaozitamani kingo hizo. Siku ya sita au ya saba nikamkuta mbele ya kioo changu cha wateja, anasukuma jino la chini la mbele kwa ulimi, linalala na kuamka kama mlango wa duka. Alikuwa amelificha kwa makusudi. Rafiki yake wa chekechea alimsimulia kwamba mafundi cherehani huwang'oa watoto wao kwa uzi wa mashine uliofungwa kitasani. Uzi ninao, wa kila rangi. Ungekuwa wewe usingeficha?

Lilitoka lenyewe kwenye boflo na chai. Bibi yake akamtoa uani, akamwambia alirushe juu ya bati, amwombe panya ampe jipya lenye nguvu kama la kwake. Alilirusha likarudi mara mbili. Meno ya utoto yako 20, na nikajiandaa kuomba panya mara 20, ila jambo moja nimejifunza kwa daktari wa meno baadaye na nalitaja kwa sababu mama wengi naona hatulijui: kwenye umri huohuo wa miaka 6 linaota gego la nyuma kabisa bila kung'oka kitu. Linakuja kimyakimya, tunadhani ni la utoto, tunasema acha lioze litang'oka. Halina mbadala. Hilo ndilo la kuzeekea.

Sasa niseme la deni.

Ilikuwa Januari, msimu wa sare. Mafundi wa Tanga Januari hatulali. Mashati meupe, sketi za bluu, kaptula za bluu, kila mzazi anataka kesho. Siku hiyo barazani walikuwa wameketi akina mama watatu wananisubiri nimalize, mmoja ni mteja mpya, mke wa mtu mwenye nafasi yake, ndiyo kwanza ameniletea kazi ya watoto wanne. Nikamtuma binti dukani, sukari kilo na boflo mbili, nikampa noti ya elfu kumi mbele yao wote. Najua kwa nini nilitoa noti nzima mbele yao. Na wewe unajua.

Akarudi na vitu, akanipa chenji. Chenji imepungua elfu tatu.

"Nyingine iko wapi?"

Akatazama chini. "Imedondoka."

"Imedondoka wapi?"

"Njiani."

"Njiani wapi? Twende tukaitafute."

Kimya. Nikajua ni uongo, kwa sababu mtoto aliyedondosha pesa kweli huja analia kuanzia kona ya pili. Akina mama wakaanza. Mmoja akasema watoto wa siku hizi. Mwingine akasema ukimlea hivyo atakuwa mwizi. Yule mteja mpya hakusema kitu, akawa anapangusa simu yake. Nikaona lazima nionekane mama anayefunza. Nikamvuta sikio mbele yao, kwa nguvu, nikamwambia aende ndani asitoke mpaka akumbuke pesa ilipo. Akaenda. Hakulia, na kule kutolia kukanikera zaidi. Nikasema moyoni huyu ameshakuwa sugu.

Wateja wakaondoka na giza. Nikaingia ndani kuendelea na kesi. Amekaa kitandani, miguu haifiki chini, sikio bado jekundu. Nikamuuliza tena, nimejiandaa kwa uongo wa pili.

"Mwenye duka kachukua," akasema. "Kasema mwambie mama yako ile elfu tatu ya unga nimeikata."

Daftari la dukani. Unga wa wiki iliyopita. Nilikuwa nimeusahau kabisa, au nimejisahaulisha.

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

Akanitazama kama anayeshangaa nauliza kitu cha wazi namna hiyo. "Si wale mama walikuwepo."

Nilikaa pale kitandani. Sikuwahi kumfundisha kwamba deni ni la kufichwa. Sisi nyumbani hatuzungumzi madeni mbele ya watoto, na kumbe ndiyo darasa lenyewe. Alikuwa ameitembea njia yote kutoka dukani akijua nina aibu inayokuja, ameikuta baraza imejaa, akapiga hesabu, akaona bora aitwe yeye mpotezaji kuliko mimi niitwe mkopaji. Alipata sikio kuvutwa kwa hesabu hiyo na bado hakuifuta.

Nilimwomba msamaha. Nasema hili kwa sababu mimi sikuwahi kuombwa msamaha na mtu mzima nilipokuwa mdogo, na sikujua maneno yanatokaje. Nilisema, "Nisamehe, mama, nimekuonea." Akasema haya. Kisha akauliza kama boflo zote zimeliwa.

Baba yao nilimsimulia kwa simu usiku huo. Akanyamaza kidogo, akasema, "Ulipe na lile deni la sabuni basi, asije akabeba na hilo."

Kwa mdogo wake mambo yanakwenda kwa namna nyingine, na sijui kama ni tabia yake au ni kwa sababu yeye kitinda mimba namtazama kwa jicho jingine, la mtu anayejua kwamba mbeleko ikishatoka hairudi tena mgongoni. Maana hata hilo nililikosa. Nimembeba mtoto yule karibu miaka mitatu, naendesha pedeli naye yuko mgongoni amelala, na kuna siku moja nilimfungua nikamweka chini na sikumfunga tena. Siku ile haina alama yoyote. Mbeleko yenyewe niliikuta kabatini ikiwa imefunika pasi.

Lakini la "kesho" nililiona. Yeye siku zote zilizopita zilikuwa jana na siku zote zijazo zilikuwa kesho, na alipokuwa na haraka alizichanganya: "Kesho tulienda baharini." Baba yake ni dereva wa lori, anaondoka siku nne, tano, mara nyingine zaidi, na kumweleza mtoto wa namna hii kwamba baba anarudi kesho kutwa ni sawa na kumwambia hatarudi. Kila lori likipita alikimbilia mlangoni. Siku baba anaondoka ilikuwa msiba, anamng'ang'ania mguu, tunamtoa kidole kimoja kimoja.

Kisha ikaja safari moja, baba amebeba begi, mimi nimeshasogea ili nimshike mtoto, na mtoto hakulia. Alisimama kizingitini, kidole mdomoni. Akauliza, "Tukilala mara ngapi?" Baba yake akamwonyesha vidole vitatu. Akavihesabu kwa kuvigusa: moja, mbili, tatu. Akaridhika. Baba anageuka, akaitwa tena.

"Baba. Umechukua chaja?"

Alikuwa hajaichukua. Ilikuwa ukutani.

Mume wangu alinipigia kutoka Segera. Alikuwa anacheka, anarudia ile "umechukua chaja" kwa sauti ya mtoto. Halafu akaacha kucheka. "Hakunishika mguu," akasema. Nikamwambia si ndicho ulichokuwa unakitaka. Akasema ndicho.

Usiku wa pili mtoto alinijulisha kwamba bado kulala mara moja. Usiku wa tatu baba hakurudi, gari liliharibika njiani, na hapo ndipo kilio kilikuja, kikubwa kuliko vyote vya zamani. Zamani alilia kwa sababu baba ameondoka. Safari hii alilia kwa sababu alipiga hesabu sawa na jibu likakataa. Nilimwelewa kabisa.

Wiki iliyopita sketi ya shule ya binti ilipanda juu ya goti, hatimaye. Niliishona na upindo wa inchi tatu, kama ninavyomshonea kila mzazi ninayemwonea huruma, nikijua nitauteremsha. Nikafumua. Wanaoshona wanajua kinachotokea: sehemu yote imepauka kwa jua na sabuni, lakini pale ulipokuwa upindo kitambaa ni kile cha siku ya kwanza, bluu iliyoiva, na kwenye mkunjo wa zamani kuna mstari ambao pasi haiutoi hata uikandamize namna gani.

"Huu utaonekana," binti akasema.

"Utaonekana."

"Haya." Akachukua sindano akaanza kuchomoa mabaki ya uzi, mmoja mmoja, bila kuambiwa, anayapanga kwenye paja lake. Alipomaliza akaivaa shingoni futi yangu ya utepe, akaniambia nisimame wima anipime. Nikasimama. Alipima bega, mkono, akazunguka kiuno ikambidi anikumbatie ili aushike mwisho wa pili wa utepe. Akafungua daftari la wateja, ukurasa safi, akaandika MAMA, na chini yake namba, na ile 3 imeangalia upande usio wake.

"Elfu kumi na tano," akasema. "Na usikope."